Nani Aliyewafukuza Watoto Jikoni?



Leo sikukuletea mas-ala ya talaka wala ya mirathi, ambayo najua ndiyo muyapendayo. Nataka tusemezane juu ya muhogo, samaki na watoto. Ukiona ni mambo madogo, nipe subira yako kidogo.

Mwezi uliopita nilialikwa chakula cha mchana kwa mtu mmoja, mwenzangu tangu siku za chuoni, na jina lake nalisitiri. Tuliandaliwa wali wa nazi, changu wa kukaanga, mchuzi wa ukwaju na pilipili ya kusaga. Tukaketi mkekani. Mtoto wake wa kiume wa miaka 9 aliletewa sahani yake mbali, kando ya ukuta: tambi za pakiti na soseji mbili, na simu imeegemezwa kwenye jagi la maji apate kutazama katuni huku akila. Nikamwuliza, "Mwanangu, mbona hukaribii? Samaki huli?" Hakunisikia. Mamake akajibu kutoka mlangoni, "Maalim, huyo samaki hali. Aogopa miba."

Laa hawla walaa quwwata illaa billaah! Mtoto aliyezaliwa pahali ambapo maji yakijaa usiku yasikika kitandani, babu yake mvuvi na baba wa babu yake mvuvi, ana miaka 9 na hajui kutoa mwiba katika samaki. Tena simlaumu hata kidogo. Kuchambua samaki ni elimu, na elimu hairithiwi kwa damu. Mtoto hukaa ubavuni mwa mamake akavitazama vidole vyake vikipapasa mnofu. Akapewa tonge iliyokwisha chambuliwa. Baada ya siku nyingi akaachiwa kipande cha mgongoni achambue mwenyewe, naye mama macho hayambanduki. Hivyo ndivyo sote tulivyojua. Huyu hakukaa ubavuni mwa mtu. Alikaa mbele ya simu.

Watu hupenda kusema kwamba haya yameletwa na maduka, na matangazo, na dunia ya leo. Mimi nasema tumeyaleta sisi, tena kwa mikono yetu. Mtazame mtoto wa miaka mitatu. Umemwona asiyetaka kwenda jikoni? Ataka kushika mwiko, ataka kutia mkono ndani ya unga, ataka kujua ndani ya chungu mna nini. Mwenyezi Mungu amemuumba na hamu hiyo, na wala hakununuliwa dukani. Sisi twamwambiaje? "Toka hapa, utaungua! Toka, utanimwagia! Nenda kacheze nje!" Akilia, atafutiwa shilingi ishirini: haya, nenda dukani kanunue kitu, niwache nipike. Basi kwa neno hilo moja tumekwisha kumfunza mambo mawili: kwamba chakula kitamu hutoka dukani, na kwamba akikaa mbali na mamake hulipwa.

Nami sijitoi katika lawama hii. Wanangu wa mwanzo niliwalea hivyo hivyo. Nilikuwa nikirudi kutoka chuoni nimechoka, na sarafu ilikuwa njia nyepesi ya kununua kimya. Leo wao ni wazazi, na nawaona wakinunua kimya kwa watoto wao, kwa bei ya leo.

Bei hiyo tuipigie hesabu, kwani tuna tabia ya kulalamika kwamba fedha haikai. Tuseme mtoto apewa shilingi 20 asubuhi na 20 jioni, nyumba ina watoto wanne. Hizo ni 160 kwa siku, na kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 4,800. Kisha baba asema muhogo na mbaazi ni gharama!

Na hicho kinunuliwacho ni nini? Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri mwaka 2015, kwamba sukari ya kutiwa, kwa mkubwa na kwa mtoto, isifikie sehemu moja katika kumi ya nguvu apatayo mtu kwa chakula chake chote cha siku, na ikipungua hata chini ya nusu ya hiyo ni bora zaidi. Chupa moja ya soda ya kola ya mililita 300 ina sukari gramu 30 na ushei, yaani vijiko saba vya chai au zaidi. Hebu mtilie mwanao vijiko saba katika kikombe chake cha chai mbele ya mama mkwe wako, uone utaambiwa nini! Lakini ikiwa ndani ya chupa yenye picha, hakuna asemaye. Na zile tambi, nyingi zao zimekwisha kukaangwa kwa mafuta kiwandani kabla hazijakufikia, na kile kipakiti cha viungo kilichomo ndani, sehemu yake kubwa ni chumvi.

Sisemi kwamba biskuti ni haramu. Wako watu wepesi wa kuharimisha, mimi si katika wao, na siku ya Idi mtoto ale biskuti yake na soda yake afurahi. Ninalolipigia kelele ni kila siku.

Sasa njoo nikuonyeshe hasara iliyo kubwa kuliko ya meno na ya mfuko. Wengi wetu twakijua kile kisa cha Umar bin Abi Salama, alichokipokea Bukhari na Muslim. Alikuwa mtoto katika malezi ya Mtume (S.A.W.), na wakati wa kula mkono wake ulikuwa ukizunguka huku na huku ndani ya sahani. Mtume akamfunza mambo matatu: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Kisa hiki hao watoto wetu wamekihifadhi kwa Kiarabu, nami ndiye niwahifadhishao. Lakini ifikiri hiyo nasaha ya tatu. Ale kilicho mbele yake! Mtoto anayekula peke yake katika pakiti, ng'ambo ya pili ya sahani yake yuko nani? Hakuna. Vyote viko mbele yake. Hajapata kuona mkono wa ndugu yake ukikaribia kipande kile kile akitakacho yeye, akajizuia. Hajapata kuona bibi yake akisukuma mnofu mzuri upande wa mdogo wao bila ya kusema neno. Amehifadhi maneno, na pahali pa kuyatumia tumemwondolea. Siku tutakapogawana mirathi ndipo tutakapojua kama walijifunza kula kilicho mbele yao.

Na wewe baba uliyekuwa ukitikisa kichwa tangu mwanzo, ukidhani nasema na mkeo, zamu yako imefika. Ni nani ambaye hurudi kutoka msikitini, akafunua kawa, akasema, "Muhogo tena?" Imepokewa katika vitabu hivyo hivyo viwili kwamba Mtume hakukitia ila chakula hata siku moja, akikitamani alikula, asipokitamani alikiwacha. Wewe wakitia ila mbele ya watoto sita wenye masikio. Neno hilo moja lako huvunja kazi ya mama ya mwaka mzima, kwani mtoto amekwisha sikia kwamba muhogo ni chakula cha maskini, na hakuna mtoto atakaye kuwa maskini. Ajabu ni kwamba muhogo huo huo ukiletwa katika hoteli ya watalii, umepangwa kwenye sahani nyeupe na kipande cha ndimu, wausifu na waulipia.

Pia wewe ndiye usemaye kwamba mtoto wa kiume hana kazi jikoni. Umeitoa wapi? Bi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kwamba alikuwa katika kazi za watu wa nyumbani, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Nayo hii iko katika Bukhari. Vijana wetu wangapi wamekwenda Ghuba kutafuta riziki, wakakaa watu sita chumba kimoja, wakila mkate na mayai usiku baada ya usiku kwa sababu hakuna aliyewafunza hata kuchemsha mbaazi! Sala twamwamrisha mtoto akifika miaka saba. Jiko twamngojea msichana mpaka wiki ya harusi, na mvulana hatumngojei kabisa.

Najua jawabu lililo mdomoni mwa mama. "Maalim, sina wakati. Nafanya kazi, narudi jua limekuchwa." Maneno haya nayaheshimu, kwani wako akina mama wanaolisha nyumba peke yao. Wala simtaki mtu akapike mkate wa kumimina kila jioni, mchele uloweke usiku kucha, usagwe, uumuke, upaliwe makaa juu na chini. Huo una siku yake. Nasema habari ya siku ya kawaida. Asubuhi, chapati za maji: vikombe viwili vya unga wa ngano, yai moja, chumvi, kitunguu kilichokatwa katwa, na maji mpaka urojo uwe mwepesi wa kumiminika, mtoto wa miaka sita aweza kuuvuruga mpaka madonge yaishe. Kabla ya saa moja mmekwisha kula.

Na jioni, muhogo wa nazi. Chukua kilo moja ya muhogo mtamu. Ukionja chembe ukauona mchungu, utupe wote, usihurumie fedha yako, kwani uchungu ule ni dalili ya sumu. Menya, kata vipande, pasua utoe ule uzi wa katikati. Mdogo wa miaka minne mpe beseni aoshe; atalowa, na maji hukauka. Uchemshe kwa chumvi mpaka ulainike, umwage maji yake. Wakati huo mkubwa wa miaka kumi yuko juu ya mbuzi akuna nazi, nawe kaa karibu, kwani meno ya mbuzi hayana huruma. Wa miaka saba achuje tui. Mtoto hapendi kitu kama kukamua chicha kwa mikono miwili. Tui zito liwekwe kando, jepesi litiwe juu ya muhogo pamoja na kitunguu, na pilipili moja nzima isiyopasuliwa, ili inukie bila kuwaka. Lichemke mpaka lipungue. Kisu, mafuta ya moto na kuepua sufuria ni kazi yako wewe. Katika hayo sina ruhusa ya kumpa mtu.

Wasema nazi ni ghali? Nusu yake yatosha kwa siku ya kawaida, na nusu ya pili ni ya maharagwe ya kesho. Rudi kwenye ile hesabu ya 4,800, kisha uipige tena kwa bei ya sokoni kwenu.

Simu zote, ya baba ikiwa ya kwanza, ziwekwe juu ya kabati. Tandika mkeka, leta sinia moja. Kama yuko bibi nyumbani, mweke kati ya watoto, wala usimpelekee chakula chumbani kama mgonjwa hali yu mzima. Yeye ndiye ajuaye kwamba mbaazi zikiwa ngumu wapaswa kuziroweka tangu jana, na kwamba samaki wa leo jicho lake hung'aa. Hakuyaandika popote. Atakwenda nayo, kama walivyokwenda nayo wenziwe, na sisi tutabaki kumsomea hitima kwa biriani ya kuagiza.

Limebaki tui zito. Hili hutiwa mwisho, moto umepunguzwa, na mwiko usisimame, lau sivyo litakatika. Hapa mwite yule mwenye kupenda kuuliza maswali, mpe mwiko, simama nyuma yake, umweleze kwa nini. Likitokota mara moja, epua, kamulia ndimu. Na kama siku hiyo ya kwanza atalimwaga tui kabla halijafika chunguni, usimpigie kelele wala usimpe shilingi ishirini. Mpe kitambaa apanguse sakafu, kisha mpe ile nusu ya nazi iliyobaki aikune.