Usiende jeshini mikono mitupu

Hapa Kasongo na kule Kabambare kuna vijana wananiambia: nataka kuingia FARDC nikaokoe waliojeruhiwa. Sawa. Lakini ukienda mikono mitupu utapewa bunduki, si bandeji. Soma kwanza uuguzi, upate diploma. Na ujue sheria: Mikataba ya Geneva ya 1949 inamtaka muganga wa jeshi atibu hata adui. Siku mpiganaji wa Mai-Mai wa Salamabila, waliowafukuza wazazi wako kijijini, ataletwa anavuja damu, wewe ndiye utamfunga kidonda. Hauwezi? Basi usijidanganye, acha.

Na ninyi wakubwa wa jeshi: majeruhi wetu bado wanabebwa juu ya pikipiki. Vijana mnaandikisha, ambulansi iko wapi?