Mikono Itende, Ulimi Ueleze

Wahenga walinena kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Methali hii, ambayo aghalabu hukaririwa katika insha za watoto, imepata uzito mpya tangu Kenya ianze kuutekeleza Mtaala wa Umilisi kote nchini mwaka 2019. Siku hizi mzazi wa Juja, Ruiru au Thika hashangai mwanawe anaporudi nyumbani na kuomba gunia kuukuu, mbegu za sukuma wiki, chupa tupu za plastiki au uzi wa kusukia. Kazi za watoto hutundikwa ukutani, hupigwa picha na kusifiwa mbele ya wazazi. Jitihada hizo zastahili pongezi. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba mafanikio ya kazi ya mikono hayapimwi kwa kitu kilichotengenezwa pekee. Hupimwa pia kwa uwezo wa mtoto kueleza alivyokitengeneza, na lugha iliyo karibu zaidi na kazi hiyo katika mji kama Juja ni Kiswahili.

Kujifunza kwa kutenda si jambo geni katika Afrika Mashariki. Vilabu vya 4K vilianzishwa katika shule za Kenya mwaka 1962, na jina lao ni vitenzi vitatu vya Kiswahili: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Nchini Tanzania, Mwalimu Nyerere alitangaza sera ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na shamba la shule likawa sehemu ya masomo. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza Kenya mwaka 1985, nao ulikuja na sanaa, ufundi, kilimo na sayansi kimu hadi katika shule za msingi.

Yaliyofuata yanajulikana. Katika baadhi ya shule za Tanzania, shamba liligeuka kuwa mahali pa kutumikia adhabu. Nchini Kenya, shule nyingi hazikuwa na karakana wala vifaa, na gharama ikawaelemea wazazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya vitendo yaliondolewa katika mtihani wa KCPE, na somo lisilotahiniwa likakosa mwenyewe. Bila shaka umaskini wa vifaa ulichangia pakubwa. Lakini lipo funzo jingine: kazi iliyotenganishwa na fikra hugeuka sulubu, na kinachoifunga kazi na fikra ni lugha. Mtoto anayepalilia bila kuulizwa kwa nini anapalilia ni kibarua asiye na ujira.

Juja ni mahali pazuri pa kulitafakari suala hili. Udongo wake mweusi hunata mvua inaponyesha na kupasuka jua linapowaka. Machimbo ya mawe ya Ndarugu hayako mbali. Mkonge uliwahi kulimwa katika mashamba makubwa ya eneo hili, na kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko Ruiru ndicho kilichoipa dunia aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kimo papo hapo mjini. Baada ya barabara kuu ya Thika kupanuliwa na kukamilika mwaka 2012, majumba ya kupangisha yaliongezeka, na wakaja watu wa kila kabila. Mtoto wa Juja basi anaishi miongoni mwa wakulima, wachonga mawe, maseremala na wachuuzi, na lugha inayowaunganisha wote hao ni Kiswahili.

Sera ya elimu inasema kwamba katika madarasa ya chini mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake, na mijini lugha hiyo ni Kiswahili. Kuanzia gredi ya 4, Kiingereza hutwaa nafasi hiyo. Ajabu ni kwamba huo ndio wakati ambapo kazi za mikono zinaanza kuwa nzito. Mtoto hununua mche kwa Kiswahili, humwuliza jirani kuhusu samadi kwa Kiswahili, humwagilia huku akizungumza Kiswahili na wenzake, kisha huandika ripoti yake kwa sentensi za Kiingereza alizozinakili ubaoni. Maneno kama kitalu, kupandikiza, mboji na matandazo hubaki kitabuni, ilhali vitu vyenyewe vimo mikononi mwake.

Upande wa pili, somo la Kiswahili nalo lina njaa. Walimu waliosahihisha insha za shule za msingi wanazijua zile zinazoanza kwa jua kuchomoza na ndege kuimba, zikapambwa kwa methali saba na tashbihi kumi, bila tukio hata moja lililowahi kumfika mwandishi wake. Watoto hawakosi ubunifu. Wanakosa cha kusimulia. Kumbe cha kusimulia kiko nje ya dirisha la darasa! Chukulia mtoto aliyepanda sukuma wiki katika gunia, akaona majani yakitobolewa na viwavi, akayanyunyizia majivu, kisha akangoja. Huyo ana mwanzo, ana tatizo, ana subira na ana mwisho. Insha yake haitahitaji kuazima jua la mtu mwingine.

Isitoshe, kueleza ni kipimo cha uadilifu. Si siri kwamba baadhi ya kazi zinazopelekwa shuleni hutengenezwa na wazazi au kununuliwa kwa fundi. Mwenye fedha huleta kitu king'aacho, na asiye nacho huleta kikapu kilichopinda alichokisuka mwenyewe. Kitu kikipimwa peke yake, fukara hushindwa. Lakini watoto wote wawili wakiombwa kusimulia hatua kwa hatua, aliyesuka ndiye atakayejua ni wapi uzi ulimkatikia na aliufunga vipi.

Huenda ikasemwa kwamba madarasa yamejaa, kwamba mwalimu mmoja hawezi kuwasikiliza watoto sitini, na kwamba tathmini ya kitaifa ya KPSEA, iliyofanywa mara ya kwanza mwaka 2022, huuliza maswali ya kilimo kwa Kiingereza. Hoja hizi ni nzito. Hata hivyo, pendekezo hili halidai kipindi kipya wala kitabu kipya. Linadai kwamba insha moja ya maelezo kila muhula itokane na kazi ambayo mtoto ameifanya kweli, na kwamba wanafunzi wasimuliane katika vikundi kabla ya kuandika. Aidha, aliyekielewa kitu kwa lugha anayoimudu hukijibu kwa wepesi zaidi katika lugha nyingine.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu wanapohusika. Wengi wao hupelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha wakiwa wamebeba fonolojia na nadharia za fasihi, ila hawajui kifaa cha mwashi kinachoitwa timazi wala tofauti ya tindo na patasi. Badala ya kulalamika kwamba istilahi hazipo, na waende kwa mafundi wa Juja, wayakusanye maneno yanayotumika kazini, yawe sanifu au ya mtaani, kisha wayapeleke darasani. Mashindano ya vyama vya Kiswahili nayo yaache kutuza ukariri pekee; yamtuze pia mtoto anayesimama na kikapu chake kilichopinda na kueleza kwa nini kimepinda.

Nta tunayo tele: picha, maonyesho na vyeti. Asali itapatikana mtoto atakapokitenda kitu kwa mikono yake na kukitaja kwa ulimi wake.