Dawa ya nyanya na klabu ya mpira ya mjukuu



Siku ya posho iliyopita, likelemba ilikuwa imekwisha na chai inamiminwa, mama mmoja wa kikundi chetu alituomba tusiondoke kwanza. Dada yake mdogo alimpigia simu usiku. Huyo dada alitoka Fizi, akakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kule Tanzania, na sasa anaishi Louisville, katika jimbo la Kentucky, Marekani. Kila mwezi anatuma dola 60 kwa ajili ya dawa ya mama yao mzee, ambaye ana ugonjwa wa sukari. Usiku ule alisema hivi: «Dada, mwaka huu mzima unisamehe, sitatuma. Mtoto amechaguliwa katika klabu kubwa ya mpira, na klabu ile ndiyo itamwingiza college bila kulipa.»

Basi chai ikapoa. Wengine walisema ni kiburi cha Ulaya. Wengine walicheka, eti msichana wa miaka 13 anakimbia na mpira wakati nyanya yake anakosa dawa. Hata sisi tunaoandika hapa tulicheka, na tunaomba radhi kwa kicheko kile, kwa maana tulipokaa na kuuliza, tuliona kwamba yule dada hakuwa anaota. Aliambiwa jambo la kweli, ila aliambiwa nusu yake.

Kwanza neno lenyewe. College ya kule siyo collège ya hapa kwetu, ambako mtoto anaingia akitoka darasa la sita. Kule ni chuo kikuu, na masomo yake ni ya bei kali sana. Chuo kikuu cha kule kina timu zake za michezo, zenye kocha anayelipwa mshahara na kiwanja chenye taa. Tena tangu mwaka 1972 kuna sheria, inaitwa Title IX, inayokataza masomo yanayopokea feza ya serikali kuwabagua wasichana. Kwa sababu ya sheria hiyo vyuo vilianzisha timu nyingi za wanawake, na mwaka 1982 chama kinachosimamia michezo ya vyuo, yaani NCAA, kilifanya mashindano yake ya kwanza ya mpira wa miguu wa wanawake. Kwa hiyo burse ya mpira kwa msichana ipo. Tusimcheke mama anayeitafuta.

Lakini burse ile inagawanywaje? Hapo ndipo tulipotoa kalamu.

Vyuo vya NCAA vina madaraja 3. Daraja la 3, ambalo lina vyuo vingi kuliko mengine, halitoi burse ya michezo hata moja. Linatoa msaada kwa mwenye pointi nzuri au kwa familia isiyo na uwezo. Katika daraja la 1, kwa miaka mingi timu moja ya wasichana iliruhusiwa burse kamili 14, na kocha alizikatakata kama mkate ili zifikie wachezaji 25 au zaidi. Daraja la 2 lilikuwa na burse 9.9 (ndiyo, walihesabu mpaka nukta). Tangu mwaka 2025 vyuo vikubwa vilivyokubali utaratibu mpya havina tena mpaka huo wa burse, ila timu haiwezi kupita wachezaji 28. NCAA yenyewe inasema kwamba kati ya wanamichezo 100 wa masomo ya sekondari, kama 2 tu ndio wanaopata burse ya michezo ya chuo. Na wengi katika hao wanapata kipande.

Sasa tutazame feza ya klabu. Ada ni dola 3,200 kwa mwaka. Hapo hujaweka nguo, viatu, mafuta ya gari, wala usiku wa hoteli wanapokwenda kucheza katika jimbo lingine. Dola 60 kwa miezi 12 ni dola 720. Mnaona, wamama? Hata nyanya angekosa dawa mwaka mzima, ile feza isingefika robo ya ada. Iliyobaki ingetoka wapi? Ingetoka katika kazi ya usiku ambayo yule dada anafanya tayari katika ghala la vifurushi, na katika mkopo wa benki. Mama mkubwa wa mtoto alinyamaza tulipoandika hesabu hii ubaoni. Kisha akasema, polepole: «Basi hakuniambia yote.» Labda na yeye hakuambiwa yote.

Tusidanganyane upande wa pili. Klabu kubwa ina faida yake. Ligi za wasichana zenye jina, kama ECNL iliyoanzishwa mwaka 2009 na Girls Academy iliyoanzishwa mwaka 2020, hukusanya timu nyingi mahali pamoja kwa siku 2 au 3, na makocha wa vyuo huenda pale na viti vyao na daftari zao, maana kwa safari moja wanaona wasichana mia na zaidi. Msichana wa miaka 16 mwenye kipaji cha kweli, akiwa katika ligi ile, anaonekana kwa urahisi zaidi kuliko mwenzake wa timu ya kartie. Hilo tunalikubali.

Ila mtoto wetu ana miaka 13. Na hapa ndipo nusu ile ambayo yule dada hakuambiwa. Kwa sheria ya NCAA, kocha wa timu ya wasichana ya daraja la 1 haruhusiwi kuanza mazungumzo ya kumtaka mchezaji kabla ya tarehe 15 Juni, baada ya mtoto kumaliza darasa la 10. Mtoto huyu yuko darasa la 8. Kuna miaka miwili ambayo hakuna kocha wa daraja hilo anayeruhusiwa kuzungumza naye juu ya kumtaka. Akiandikiwa barua yenye jina lake kumwalika katika kambi ya mafunzo ya chuo fulani, mama yake asipige vigelegele bado. Barua hizo huenda kwa watoto wengi, na kambi inalipiwa.

Kwa hiyo tulimwandikia yule dada, kwa mkono wa mama mkubwa, kwamba swali la mwaka huu siyo klabu gani itampeleka mtoto chuo kikuu. Swali ni wapi atacheza sana, atalindwa, na atarudi nyumbani mapema afanye kazi za masomo.

Acheze sana, tunamaanisha dakika za uwanjani. Aende mwenyewe atazame mchezo mzima wa kila klabu, ahesabu. Mtoto anayekaa kwenye benchi la timu kubwa anavaa nguo nzuri lakini mguu haujifunzi. Pia aombe orodha ya wasichana ambao klabu inajivunia kuwapeleka chuo, kisha aulize neno moja: hawa walifika hapa wakiwa na miaka mingapi? Maana klabu nyingine huchukua msichana ambaye tayari ameiva, aliyelelewa na timu ndogo, anacheza kwao mwaka mmoja, na picha yake inawekwa ukutani. Sisi walimu tunaijua hila hiyo. Kuna masomo hapa kwetu yanayopokea mwanafunzi hodari katika darasa la mwisho, halafu yanatangaza asilimia yao ya diploma ya serikali.

Juu ya ulinzi tuliandika kirefu, na tungependa kila mama asome. Mwezi wa Oktoba 2022 ilitoka ripoti ya Sally Yates, mwanasheria aliyekuwa na cheo kikubwa katika wizara ya sheria ya Marekani, kuhusu ligi ya wanawake ya kulipwa. Ilionyesha kwamba makocha waliwatukana na kuwanyanyasa wachezaji kwa miaka, hata kimwili, na kwamba mizizi ya tabia ile ilianzia katika mpira wa watoto. Leo kuna shirika linaloitwa SafeSport, na kanuni zake zinasema mtu mzima asikae na mtoto mahali ambapo wengine hawawaoni. Mama ana haki ya kuuliza: nani anawasafirisha watoto? Nani analala nao katika safari? Kocha anamwandikia binti yangu ujumbe wa simu peke yake? Je, kuna mwanamke katika walimu? Klabu inayokasirika kwa maswali haya imekwisha kujibu. Dada yetu aliogopa kwamba Kiingereza chake kitachekwa. Tulimwambia amchukue mtoto wake wa kwanza amtafsirie, lakini aulize.

Na magoti. Wasichana hukatika kano ya goti mara nyingi kuliko wavulana, na kano hiyo ikikatika mtoto anakaa miezi mingi bila kucheza. Kuna mazoezi ya kupasha mwili yanayoitwa 11+, ya dakika kama 20, ambayo yamepunguza majeraha kwa timu zinazoyafuata. Aulize kama wanayafanya. Basi.

Masomo sasa, na hapa mtatuvumilia kwa sababu ni kazi yetu. NCAA haitazami mguu peke yake. Kwa daraja la 1 mtoto lazima awe amemaliza masomo ya msingi 16 katika miaka minne ya sekondari, Kiingereza cha miaka minne ndani yake, hesabu za miaka mitatu, sayansi ya miaka miwili na mengineyo, na wastani usipungue 2.3 juu ya 4. Watoto wa wakimbizi wanaumia hapa bila kujua, kwa maana siyo kila darasa la Kiingereza la wageni linahesabiwa katika yale 16. Msichana anaweza kufunga magoli miaka minne, na siku ya mwisho akaambiwa karatasi yake haitoshi. Yule dada aende kwa mshauri wa masomo, yule anayeitwa counselor, mtoto akiwa anaingia darasa la 9, aulize: masomo haya yanahesabiwa na NCAA? Swali hilo halilipiwi.

Tena pointi nzuri zina feza nyingi kuliko mpira. Mtoto mwenye hati ya makazi ya kudumu au uraia hujaza fomu ya serikali inayoitwa FAFSA, na familia yenye kipato kidogo hupata msaada uitwao Pell, ambao haurudishwi kama deni. Kwa mwaka wa masomo 2024-2025 ulifika mpaka dola 7,395. Hakuna benchi wala goti katika fomu ile.

Mama mmoja aliuliza kama kuna mahali walipowahi kuunganisha mambo haya mawili kwa watoto wa wakimbizi. Wapo. Katika mji wa Clarkston, jimbo la Georgia, mwaka 2004, mwanamke mmoja aliyezaliwa Yordani, Luma Mufleh, aliwaona watoto wa wakimbizi wakicheza mahali pa kuegesha magari, akawaundia timu. Aliyetaka kucheza alipaswa pia kukaa chini asome. Baadaye timu ile ilizaa shule. Tulimpenda mama huyo bila kumwona.

Jibu la Louisville lilifika siku ya tatu. Dada alikwenda katika viwanja vyote viwili. Klabu ndogo iko dakika 15 kwa miguu kutoka nyumbani, na ada yake ni dola 900. Alipoonyesha karatasi ya mshahara, waliipunguza nusu. Katika klabu kubwa aliuliza juu ya safari, akaambiwa wazazi hupanga wenyewe kwa magari yao. Yeye hana gari. Jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria, wala huku wala kule, ni kumwuliza mtoto. Alipoulizwa, alilia. Yeye anataka klabu kubwa, kwa sababu wanapewa begi lenye namba ya mchezaji.

Wamepatana hivi: klabu ndogo sasa, na timu ya shule atakapofika sekondari, kisha akiwa na miaka 15 atajaribiwa tena kule kwa wakubwa, kama bado anataka. Begi, mama yake atalitafuta sokoni na kushona namba mwenyewe. Sisi hatukupenda sana sehemu ya miaka 15, tunaona ni kumwachia mtoto ahadi inayoweza kurudi na deni. Lakini mtoto siyo wetu, na mama yake amesikiliza.

Feza ya nyanya itakuwa dola 40 badala ya 60 mpaka mwezi wa tisa. Kikundi kimekubali kuongeza 20 kutoka mfuko wa kusaidiana kwa miezi 3 ya kwanza, na mama mkubwa atazirudisha wakati wa mavuno. Imeandikwa katika daftari, mwekahazina ametia sahihi.

Nyanya mwenyewe tulimwonyesha video ya mjukuu wake akipiga mpira, kwenye simu, mara nne mpaka mega zikaisha. Aliuliza jambo moja tu, kwa nini anapiga kwa mguu wa kushoto.

Wamama wenye ndugu kule ambao wameandikiwa na klabu, leteni karatasi zenyewe siku ya posho saa nane, hata kama ziko kwa Kiingereza. Tutazisoma pamoja kabla mtu hajatia sahihi.