Kifafa cha Mimba Huanza Kimya

Mama mja mzito asiyesikia maumivu yoyote huona hana haja ya kwenda kliniki. Anapika, anafua, anachota maji, na mtoto anacheza tumboni. Ya nini basi kupoteza asubuhi nzima kwenye foleni? Lakini ni katika hali hiyo ya kujiona mzima ndipo huanza ugonjwa ambao umewaua akina mama wengi: shinikizo la damu linaloletwa na mimba, ambalo lisipodhibitiwa huweza kugeuka kifafa.

Ugonjwa huu kwa kawaida huanza baada ya wiki ya 20 ya mimba. Mishipa inayopeleka damu katika kondo la nyuma huwa haikupanuka ipasavyo, na madhara yake huenea hadi kwenye figo, ini na ubongo wa mama. Shinikizo likifika 140 kwa 90 au kupita hapo, mama huhesabiwa kuwa katika hatari. Mara nyingi figo nazo huanza kuvujisha protini katika mkojo. Mwanzoni mambo hayo mawili hayaonekani kwa macho wala hayasikiki mwilini. Hugunduliwa kwa kupima presha mkononi na kwa kuchovya kijiti cha kupimia katika mkojo, kazi ya dakika chache tu.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri mja mzito aonwe na mhudumu wa afya mara 8 badala ya mara 4, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki ya 12 kwisha. Presha iliyo nzuri mwezi wa tano yaweza kupanda mwezi wa nane. Tena mwanamke mwenye hatari kubwa, kama vile aliyewahi kuugua hivyo, mwenye kisukari, mwenye ugonjwa wa figo au mwenye mimba ya mapacha, huweza kuandikiwa aspirini kidogo kila siku kama kinga. Dawa hiyo yapasa kuanzwa kabla ya wiki ya 20, tena kwa maagizo ya mhudumu wa afya. Anayefika kliniki mwezi wa saba amekwisha kuikosa nafasi hiyo.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika kambi za askari. Nchini Uganda, mke aliyezaliwa Arua huweza kujikuta Mbarara, mbali na mama yake mzazi na wakwe zake, na mumewe yuko lindoni au amepelekwa mpakani. Usiku kichwa kinamwuma vikali, macho yanaona ukungu, uso na mikono imevimba ghafula, na maumivu yamemshika kwenye chembe ya moyo. Anameza dawa ya kichwa na kungoja asubuhi. Jirani akimkuta ameanguka na kutetemeka, wapo watakaosema ni mashetani na kutaka apungwe. Hayo si mashetani. Ni kifafa cha mimba, na kila saa inayopotea huhatarisha roho mbili.

Mama aliyepatwa na kifafa alazwe kwa ubavu wa kushoto, aondolewe karibu na moto na vitu vyenye ncha, wala asitiwe kijiko wala kidole mdomoni. Kisha apelekwe upesi hospitali au kituo cha afya cha daraja la nne, ambacho kimekusudiwa kuwa na chumba cha upasuaji. Huko hupewa dawa za kushusha presha na sindano ya magnesiamu salfeti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliowahusu wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulithibitisha kwamba sindano hiyo, ikitolewa mapema, hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupatwa na kifafa. Hata hivyo, ugonjwa hauanzi kuondoka mpaka mtoto na kondo la nyuma vitoke. Ndiyo maana daktari huweza kushauri mtoto azaliwe kabla ya siku zake kutimia, na mume hapaswi kudhani kwamba mkewe anaharakishwa bure.

Wala kujifungua salama si mwisho wa tahadhari. Kifafa huweza kutokea hata baada ya kuzaa, hasa katika siku za kwanza, na presha huhitaji kuangaliwa hadi wiki ya sita. Mzazi anayeumwa na kichwa kisichopoa arudi kupimwa, asiambiwe kuwa ni uchovu wa kulea.

Askari haendi zamu bila kukabidhi lindo, na nyumba yenye mja mzito nayo yafaa ikabidhiwe. Kabla mume hajaondoka, mke ajue fedha za safari zilipo, mwenye gari au bodaboda atakayeitwa usiku, na jirani atakayefuatana naye. Kadi ya kliniki iwekwe mahali panapojulikana na watu wawili. Na yule jirani afundishwe dalili zile nne: kichwa, macho, uvimbe wa ghafula na chembe ya moyo. Huenda siku hiyo yeye ndiye atakayeziona kwanza.