Shilingi Ilisimama, Ajira Zikaanguka



Kila tukiuliza ajira zimeenda wapi, wanatujibu kwa shilingi. Eti Korona iliangusha uchumi wa dunia nzima mwaka 2020, lakini shilingi yetu haikutikisika! Sawa, tuwakubalie. Ni kweli dola ilianza 2020 ikiwa karibu shilingi 2,300 na ikamaliza mwaka palepale. Sasa waambieni watuonyeshe nani alikula huo uimara.

Nendeni Arusha na Moshi. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020 wakabaki kama 620,000. Na aliyetoa tahadhari hakuwa mpinzani. Mei 2020 Waziri wa Utalii mwenyewe, Kigwangalla, alisema ajira za sekta hiyo zinaweza kushuka kutoka 623,000 hadi 146,000.

Mbona basi shilingi haikuanguka? Kwa sababu dhahabu ilipanda bei. Agosti 2020 wakia moja ilivuka dola 2,000, na mauzo yetu ya dhahabu nje yakakaribia dola bilioni 3. Mafuta tunayoagiza nayo yakawa rahisi. Pengo la dola za watalii likazibwa.

Benki Kuu, dola ya dhahabu na dola ya mtalii ni ileile. Mtaani siyo. Dola ya mtalii inapita kwa mpagazi, dereva, mpishi, mchonga vinyago, mpaka kwa mama anayeuzia hoteli mbogamboga. Dhahabu nyingi inatoka migodi mikubwa inayochimba kwa mashine. Hakuna mpagazi wa Marangu aliyeitwa kazini Geita.

Sisemi shilingi ianguke. Ikianguka, mafuta na ngano vinapanda na anayeumia ni mnyonge yuleyule. Ninachokataa ni kuigeuza shilingi pazia la kuficha watu waliofukuzwa.

Na wamefukuzwa kinyume cha sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane nao kwanza. Kifungu cha 42 kinatoa kiinua mgongo, mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa kazi, hadi miaka 10. Kaka yangu alipika kwenye hoteli moja miaka 6. Alistahili siku 42. Alichopata ni ujumbe wa simu: "Msije kesho, mtaitwa." Akasubiri kuitwa. Alipokuja kuniuliza, zile siku 30 za kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi CMA zilikuwa zimeshapita. Kuomba kuongezewa muda inawezekana, ila ni mlima mwingine.

Afisa kazi alikuwa wapi? Serikali iliyokuwa inahesabu dola kila siku, nani alihesabu watu kama kaka?

Madai yetu ni haya. Kama Benki Kuu inavyotangaza bei ya dola kila siku ya kazi, serikali itangaze kila mwezi ajira zilizopotea, mkoa kwa mkoa. Na maafisa kazi wakague kila mwajiri aliyepunguza watu tangu Machi 2020.

Na wewe kamanda, ukiambiwa "mtaitwa", usikae kusubiri. Anza kuhesabu siku 30 leo.