Maji ya Mwanza Huchemka kwa Nyuzi Ngapi?

Ni nadra mkutano wa walimu wa sekondari kwisha bila ya kusikika lalamiko lile lile, kwamba vijana wetu hawajui Kiingereza, na kwa kuwa hawajui Kiingereza hawawezi kuielewa sayansi. Lalamiko hili lina ukweli ndani yake, wala sina nia ya kulipuuza. Hata hivyo, ningependa kuwaomba wasomaji wa jarida hili, walimu na wanafunzi pia, tulitazame upya. Naona kwamba mara nyingi tumelaumu upungufu wa maneno mahali ambapo kilichopungua ni kazi ya kufikiri. Na tena maneno yaliyopungua siyo yale tunayoyadhania.

Muulize mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili jijini Mwanza maji huchemka kwa nyuzi ngapi. Atakujibu papo hapo, tena kwa Kiingereza kisicho na kasoro, kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Sasa mpe sufuria, jiko na kipimajoto kilicho sahihi. Maji yatatokota, na kipimajoto kitasimama kwenye nyuzi 96 hivi, wala hakitapanda zaidi hata akichochea moto namna gani. Sababu yake si siri. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa inayotukandamiza huku ni haba kuliko ile inayowakandamiza wenzetu wa Dar es Salaam, na kanieneo ya hewa ikipungua, maji hayahitaji joto jingi ili yachemke. Kwa makadirio ya jumla, kila tupandapo mita 300 kiwango cha kuchemka hushuka kwa nyuzi moja. Mjini Mbeya, ambako ni kiasi cha mita 1,700, maji huchemka karibu na nyuzi 94. Na mpanda mlima atakayeinjika chai kwenye kilele cha Kilimanjaro atayaona yakichemka karibu na 80, na maharage yake hayataiva siku hiyo.

Nimepata kuwaona wanafunzi wa shule moja ya kanda ya ziwa wakilifanya jaribio hili. Walisoma 96, wakatazamana, kisha wakaandika 100. Mmoja wao alinong'ona kwamba kipimajoto ni kibovu. Mimi sikumdharau huyo, kwa maana aliyoisema ni dhana, na dhana huweza kupimwa. Kilichonisikitisha ni kwamba hakuna aliyeinuka kwenda kuleta kipimajoto cha pili. Macho yao yaliwaambia neno moja, na sentensi ya Kiingereza waliyoikariri iliwaambia neno jingine. Wakayakana macho yao.

Kitabu chenyewe hakikusema uongo. Ukikifungua utaona kwamba ile sentensi ina mkia: maji huchemka kwa nyuzi 100 iwapo kanieneo ya hewa ni ile ya usawa wa bahari. Mkia huo ndio unaodondoka njiani, kati ya kitabu na ubao, na kati ya ubao na daftari. Kijana hujitahidi sana kuyashika majina makubwa, kama vile yale ya Kiingereza ya uvukizi na usanisinuru, nasi humsifu kwa kuyatamka. Lakini maneno madogo kama "if", "unless", "although", "only" na "because" huyaruka kana kwamba ni makapi. Kwa maoni yangu punje imo katika maneno hayo. Mtu anayejua jina la uvukizi, lakini asijue kusema utatokea iwapo kuna nini, na hautatokea isipokuwa kwa sharti gani, hajajifunza chochote isipokuwa jina.

La ajabu ni kwamba kijana huyo huyo anazo fikra hizo tangu utotoni. Wavuvi wa dagaa wa Igombe na Ukerewe hupumzika wakati wa mbalamwezi, kwa sababu taa huwavuta dagaa pale tu ambapo ziwa lina giza. Mwezi ukiangaza uso wote wa maji, taa haina cha kushinda. Mama anayeanika dagaa wake mchangani hajidanganyi kwamba jua peke yake latosha. Anajua kwamba ijapokuwa jua ni kali, dagaa watachelewa kukauka ikiwa hewa ni nzito na haina upepo, na kwamba wakinyeshewa wataoza. Mtoto aliyelelewa ufukweni hujua pia kwamba mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hugeuka. Akikua kidogo huweza kuelezwa kwa nini: nchi kavu hupata moto upesi na kupoa upesi, hali maji hukawia katika yote mawili. Na akielezwa kwamba zile pepo za usiku zitokazo pande zote hukutana katikati ya ziwa na kuisukuma hewa yenye unyevu juu, ataelewa kwa nini radi na dhoruba za ziwani hupenda saa za usiku, saa zile zile baba yake yumo ndani ya mtumbwi.

Haya yote ni "iwapo", "isipokuwa", "ijapokuwa" na "kwa sababu". Mtoto huyu anapoingia katika darasa la Kiingereza, badala ya kuombwa ayaseme haya, huletewa habari za theluji. Au husomeshwa kwamba Speke alilivumbua Ziwa Viktoria mwaka 1858, na hakuna anayemwuliza neno hilo la kuvumbua lina maana gani, ikiwa siku Speke alipofika Mwanza aliwakuta watu wanaovua samaki. Swali moja kama hilo lingemfundisha Kiingereza na mantiki kwa wakati mmoja.

Huenda msomaji akaona kwamba ninakuza jambo dogo. Hebu basi tuchukue sentensi nyingine, ile isemayo kwamba hewa huchukua nafasi. Kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza huiimba kwa Kiingereza. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba, ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Haikuzama mara moja. Ilielea kwa saa kadhaa, tumbo juu, kwa kuwa hewa ilinaswa ndani yake, na watu waliokuwamo walisikika wakigonga. Tundu likakatwa kwenye bati ili wafikiwe. Hewa ikatoka, maji yakachukua mahali pake, na meli ikazama. Mamia ya watu walipoteza maisha katika ajali ile. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa kimebeba watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 200 wakafa. Siku mbili baada ya ajali hiyo, fundi mmoja wa kivuko alitolewa akiwa hai. Alikuwa amesalia mahali ambapo hewa ilikuwa imebaki.

Siyataji haya ili kumhukumu mtu. Waliokata lile tundu walitaka kuokoa, na aliyeketi mezani na kalamu yake hana haki ya kuwacheka waliokuwa wamesimama juu ya chuma kinachogongwa kutoka ndani. Nayataja kwa sababu kati ya sentensi "hewa huchukua nafasi" na sentensi "tukitoboa hapa hewa itatoka na meli itazama" kuna hatua moja tu ya fikra, na hatua hiyo imo katika neno "iwapo". Katika nchi inayosafiri juu ya maji, hatua hiyo yafaa izoeleke kwa kila kijana kama anavyozoea kuhesabu nauli.

Sasa nije kwenye suala la lugha, ambalo najua linasubiriwa. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi za serikali, na sekondari ikabaki na Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakakuta kwamba walio wengi hawakifahamu kwa kiwango cha kuwawezesha kusomea masomo mengine. Mjadala umeendelea tangu hapo, nami nina upande wangu, ila sitaki mwalimu aliye darasani leo asubiri mjadala uishe. Anayo saa moja ya kipindi, na wanafunzi walio mbele yake watafanya mtihani kwa Kiingereza.

Ushauri wangu ni kwamba fikra itangulie na Kiingereza kifuate, wala visitenganishwe. Wanafunzi wabishane kwanza kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma au Kikerewe ikiwa hapo ndipo ndimi zao ni nyepesi, juu ya kitu wanachokijua. Wakishakubaliana wanachotaka kusema, ndipo watafute namna ya kukisema kwa Kiingereza, na mwalimu asahihishe maneno madogo kwa ukali zaidi kuliko anavyosahihisha tahajia ya majina makubwa. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu ughaibuni, niliketi maabara moja na wenzangu kutoka Japani na Hungaria ambao Kiingereza chao kilichechemea kuliko changu. Walikosea viambishi vyote vya nyakati, lakini waliuliza maswali yaliyowakosesha usingizi maprofesa, kwa kuwa walikuwa wameshayauliza kwa lugha zao tangu shuleni.

Wala haina maana kwamba Kiswahili kina kila kitu tayari. Sokoni Mwaloni, Kirumba, muuzaji huweka samaki kwenye mizani na kusema "uzito kilo tano". Fizikia humwambia mwanafunzi kwamba kilo ni kipimo cha tungamo, na kwamba uzito ni kani. Neno letu la kila siku "joto" hubeba mzigo wa dhana mbili, kile kinachopita kutoka motoni kwenda kwenye sufuria, na kile kinachosomwa kwenye kipimajoto, ambacho wanaisimu wametupatia neno "halijoto". Kumlinganishia mwanafunzi lugha hizi mbili waziwazi, na kumwonyesha mahali ambapo moja hupambanua kilichounganishwa na nyingine, ni somo bora la Kiingereza kuliko kurasa kumi za mazoezi ya kujaza nafasi. Hata Mwingereza wa mitaani huchanganya tungamo na uzito. Mwanafunzi asijione mnyonge.

Tunao mfano wa nyumbani wa nini hutokea kijana akiyaamini macho yake. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, aliyekuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto, aliweka maziwa yake ya kutengenezea aiskrimu kwenye jokofu yakiwa bado ya moto, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyowekwa bila kupashwa moto. Aliambiwa amechanganyikiwa. Wauza aiskrimu wa mjini Tanga walimwambia kwamba wao hufanya hivyo siku zote. Alipohamia Mkwawa, Iringa, aliendelea kuuliza, na wenzake wakacheka, hadi alipomwuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambaye alikubali kupima kabla ya kukataa. Makala yao ilichapishwa mwaka 1969, na jina la Mpemba likaingia katika fizikia ya dunia. Wataalamu wangali wanabishana. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walichapisha vipimo vyao wakisema hawakuona ushahidi wa kutosha wa jambo hilo. Yote yanategemea maneno yale yale madogo: iwapo chombo ni cha namna gani, iwapo kipimajoto kimewekwa wapi, iwapo kuganda kunahesabiwa tangu barafu ya kwanza au hadi ya mwisho.

Walimu wataniambia kwamba muhtasari ni mrefu, madarasa yamejaa, na kipimajoto ni kimoja, kama kipo. Najua. Nao watunga mitihani wana sehemu yao: maadamu swali linataka 100 bila mkia wake, mwanafunzi wa Mwanza atakayeandika 96 na kueleza sababu atakuwa anaweka alama yake rehani. Swali likitungwa kwa namna ya kuomba sharti, yaani maji yatachemka kwa nyuzi ngapi mahali fulani na kwa nini, darasa zima litabadilika mwaka unaofuata, kwa kuwa sote tunafundisha tukiutazama mtihani.

Lakini kuna kinachowezekana kesho asubuhi, kwa ndoo ya maji na kikombe cha plastiki. Kikombe kipinduliwe na kuzamishwa wima, maji hayatakijaza. Kisha, kikiwa bado chini ya maji, kitobolewe kitakoni kwa msumari. Wanafunzi waangalie mapovu yanatoka wapi na maji yanapanda hadi wapi, wajadiliane kwa lugha waitakayo, halafu kila mmoja aandike sentensi mbili za Kiingereza, moja yenye "if" na nyingine yenye "unless". Mwalimu azikusanye, azisome kwa sauti zile zilizokosea na zile zilizopatia, na ambaye sentensi yake itabishaniwa apewe ndoo arudie jaribio mbele ya wenzake.