Miaka 40 ya Kumlinda Mtoto Hadi Ndani ya Nyumba

Mwaka huu wa 2026 shirika la ANPPCAN, mtandao wa Afrika wa kuzuia ukatili na utelekezaji wa watoto, linatimiza miaka 40. Lilizaliwa Enugu, Nigeria, mwaka 1986, likiongozwa na mwanasaikolojia Profesa Peter Ebigbo. Makao yake makuu yakawekwa Nairobi, na matawi yakaota Uganda, Ethiopia, Zambia na kwingineko. Mashirika mengi yaliyoanzishwa barani humu miaka ile yamekwisha kusahaulika. Hili lipo, na kazi lililoapa kuifanya ndiyo linayoifanya hadi leo.

Tunalipongeza kwa niaba ya wasomaji wetu: wazazi na walezi, walimu, wauguzi, machifu, na mahakimu wanaosikiliza kesi za watoto. Taifa linalojua kuhesabu barabara zake na madaraja yake lijue pia kuihesabu kazi ya namna hii.

Historia ya ANPPCAN haisimuliki bila jina la Profesa Philista Onyango, mhadhiri wa sosholojia wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyeliongoza shirika kwa miaka mingi. Utafiti wake ulitangulia kuzaliwa kwa shirika. Mwaka 1983 alichapisha makala kuhusu mama aliyeajiriwa, msichana wa kazi anayeshika nafasi yake nyumbani, na matatizo yanayowafika watoto kutokana na hali hiyo. Kwa mada hiyo aliweka kidole mahali ambapo wengi hawakutaka paguswe.

Nairobi ya wakati ule ilikuwa na kizazi kipya cha wanawake wasomi: makarani, walimu, wauguzi, maafisa wa benki. Bibi aliyezoea kubaki na wajukuu alikuwa kijijini, mbali na nyumba mpya za Buruburu na Umoja. Pengo lake likazibwa na msichana kutoka mashambani. Mara nyingi alikuwa jamaa, binti wa shangazi au wa jirani, aliyechukuliwa kwa ahadi kwamba akifika mjini atapelekwa shule. Aliamka kabla ya wote. Alipasha maji, akafua nepi, akabeba mtoto mgongoni, na usiku akatandika godoro lake sebuleni baada ya wageni kuondoka. Ahadi ya shule ilisogezwa muhula kwa muhula hadi hakuna aliyeikumbuka.

Ukiuliza habari za mtoto aliyeachwa nyumbani, hutachukua muda kabla ya kukutana na swali la pili: huyo aliyeachiwa mtoto ana umri gani, na yeye analelewa na nani? Swali hilo halimhusu mhalifu wa gizani. Linaihusu nyumba yenye heshima zake, ya watu wanaokwenda kanisani na msikitini, wanaolipa karo za watoto wao kwa wakati. Ndiyo maana lilikuwa gumu mwaka 1983, na ndiyo maana ni gumu leo.

Mwaka 1988 Profesa Onyango aliandika sura kuhusu sera na mipango ya Kenya juu ya ajira ya watoto, katika kitabu cha Shirika la Kazi Duniani. Mwaka 1991 yeye na wenzake walitoa utafiti kuhusu watoto wa Nairobi walio katika mazingira magumu. Ukizisoma kazi hizi pamoja, unaona uzi mmoja. Mtoto anayeokota chupa jalalani ana nyumba aliyotoka. Anayechuma kahawa siku ya masomo ana mwajiri anayejulikana kwa jina. Aliyefungiwa jikoni ana tajiri wake, na tajiri huyo ana majirani. Hapo wengine walipoona mkosi au umaskini tu, mwanasosholojia aliona uamuzi wa watu wazima unaoweza kuhesabiwa, kuelezwa na kubadilishwa.

Tabia hiyo ya kuuliza na kuhesabu kabla ya kusema ndiyo, kwa maoni yetu, urithi mkubwa zaidi alioliachia shirika. Huruma bila takwimu ilikuwepo tele nchini. Takwimu ndizo zilizomfanya waziri anyamaze na kusikiliza.

Shirika halikukawia kujitokeza mbele ya umma. Julai 1987, likiwa na mwaka mmoja tu, liliitisha Nairobi mkutano wa Afrika kuhusu watoto walio katika vita. Hilo lilikuwa jambo zito. Vita vilikuwa vikiunguza Msumbiji, Angola na Sudan, na Uganda ilikuwa imetoka tu katika vita ambamo dunia nzima iliwaona watoto wenye bunduki, wale walioitwa kadogo. Serikali nyingi za bara hili hazikupenda habari hiyo izungumzwe mbele ya wageni. Ilizungumzwa.

Mwaka 1988 jiji lilelile likapokea warsha ya shirika iliyoitazama rasimu ya Mkataba wa Haki za Mtoto kwa jicho la Kiafrika. Mkataba wenyewe ulipitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989, na Kenya ikauridhia Julai 1990. Mwezi huohuo, Addis Ababa, wakuu wa nchi za Afrika walipitisha Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto. Tunalitaja hili kwa makusudi, kwa kuwa wapo wanaosema hadi leo kwamba haki za mtoto ni mzigo ulioletwa na wazungu. Waafrika walikaa, wakaisoma rasimu, wakaona ina mapungufu kwa watoto wao, wakaandika mkataba wao wenyewe.

Kazi haikuwa nyepesi. Katika enzi ya chama kimoja, shirika lililouliza maswali kuhusu mashamba ya kahawa na majani chai lilitembea kwa tahadhari. Nyumbani na shuleni upinzani ulikuwa wa aina nyingine. Wazee walitoa methali, mchelea mwana kulia hulia yeye, na walimu wakashika fimbo kwa ushahidi huohuo. Katika maeneo mengine, binti aliyenajisiwa alirudishwa nyumbani huku wanaume wakikaa chini ya mti kufanya maslaha, yaani suluhu ya kimila, na kukadiria mbuzi wa fidia. Chifu alijua, mwalimu alijua, na faili polisi halikufunguliwa.

Sheria zilichelewa, lakini zilikuja. Fimbo ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Watoto. Mwaka 2006 ikaja Sheria ya Makosa ya Kingono, na mwaka 2007 Sheria ya Ajira, inayokataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13 kwa kazi yoyote ile na kuruhusu kazi nyepesi tu kwa aliye kati ya miaka 13 na 16. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, ikampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na ulinzi dhidi ya dhuluma na kazi za hatari. Sheria mpya ya Watoto ya 2022 ikapandisha umri wa kubeba jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Shirika moja haliwezi kudai ushindi huu wote, na wengi walichangia. Hata hivyo, msingi wa hoja nyingi zilizosikika Bungeni ulikuwa umekwisha kumwagwa na watafiti wa kizazi cha Profesa Onyango.

Tunasema hivyo tukijua kilichosalia. Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani na UNICEF yaliyotolewa Juni 2025 yanaonyesha kuwa watoto milioni 138 walikuwa katika ajira ya watoto duniani mwaka 2024. Kati yao, milioni 87 wako Afrika kusini mwa Sahara. Idadi ya dunia imeshuka kutoka milioni 160 za mwaka 2020, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini karibu watoto wawili kwa kila watatu wanaotumikishwa duniani ni wa kwetu, na hatuna mahali pa kulificha hilo.

Fedha nazo zinakauka. Machi 2025 serikali ya Marekani ilifuta ruzuku ambazo wizara yake ya kazi ilikuwa ikizitoa kupambana na utumikishaji wa watoto nje ya nchi. Wafadhili wengine wanapunguza. Kwa miongo minne tumewaachia wageni kulipia ulinzi wa watoto wetu, na mashirika kama ANPPCAN yamejifunza kuishi kwa mradi wa miaka miwili, mitatu, kisha kuanza upya kuomba. Hali hiyo haifai kuendelea. Mtoto wa Kenya ni jukumu la hazina ya Kenya.

Kuna pia ukweli wa sheria ambayo haifiki mlangoni. Mkaguzi wa kazi anaweza kuingia kiwandani na kudai daftari la mishahara. Jikoni kwa mtu haingii. Msichana wa miaka 14 aliyeko huko hana kadi ya chama cha wafanyakazi, hana barua ya ajira, na simu yake, kama anayo, iko mikononi mwa mwenye nyumba. Nambari 116 ya kutoa taarifa bila malipo ipo, na imeokoa watoto. Inamfaa yule tu ambaye mtu fulani, jirani au mwenye duka, amekubali kupiga kwa ajili yake. Tunawaomba wasomaji wetu wakubali kuwa mtu huyo. Wale wenye msichana wa kazi nyumbani kwao wamuulize umri leo, na kama hajafika 18 wamuulize pia darasa alilofikia na mipango yake ya kurudi.

Kwa shirika lenyewe tuna ombi moja. Miaka 40 ya ripoti, mahojiano na kumbukumbu za mikutano ni hazina ya taifa. Ifunguliwe kwa vyuo vikuu vyetu, na idara za sosholojia za Nairobi, Kenyatta, Moi na Maseno ziwatume wanafunzi wao kuifanyia kazi. Utafiti juu ya msichana wa kazi urudiwe, katika mitaa ya Kasarani na Ruaka ya leo, ambako mama anaondoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi matatu. Kizazi kipya cha watafiti kisitegemee takwimu za waliokitangulia.

Kwa serikali kuu, tunataka bajeti ijayo itenge fungu la kuajiri maafisa wa watoto wa kutosha hadi ngazi ya wadi, wakiwa na usafiri na ofisi inayofungwa kwa kufuli. Afisa anayesafiri kwa boda boda ya kujilipia hawezi kumtoa mtoto katika nyumba ya hatari usiku.

Kwa serikali za kaunti, Katiba iko wazi. Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti vituo vya kulelea watoto wadogo, na kaunti nyingi hazijafanya lolote la maana kuhusu hilo. Kila soko linalojengwa kwa fedha za umma liwe na kituo cha watoto chenye mlezi aliyefunzwa na kulipwa, na kila kitongoji chenye wafanyakazi wengi kiwe nacho kimoja ambacho mama muuza mboga anaweza kukimudu. Mama aliyekuwa suala la utafiti mwaka 1983 bado anatafuta wa kumwachia mwanawe. Kaunti ikimpa jibu, hatakuwa na sababu ya kumtoa binti wa mtu mwingine darasani. Mabunge ya kaunti yanapoketi kujadili makadirio ya mwaka ujao wa fedha, tutayasoma mafungu hayo moja baada ya jingine na kuwachapishia wasomaji wetu majina ya kaunti zilizotenga na ambazo hazikutenga.